Malaika: kwa nini tunaupiga harusini, na nani hasa aliutunga?

#1 Kasuku wa Tabata
Wadau, salaam. Jumamosi nilikuwa harusini kwa binamu yangu. Keki imekatwa, mshereheshaji akaiita bendi ipige wimbo wa kufungua dansi. Wakapiga Malaika. Vigelegele ukumbi mzima. Mjomba wangu, mzee wa miaka 78, akainuka taratibu, akashika fimbo yake, akatoka nje. Hakurudi mpaka chakula.

Ndipo nikaanza kuyasikiliza maneno. Jamani, huu si wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa? Anapenda, angeoa, ila mali hana. Sasa tunampigiaje mtu aliyekwisha lipa mahari, ukumbi na gari la kukodi?

La pili, maana najua mtalifikia tu: nani alitunga? Mezani kwetu tulikuwa wanne, majibu yakatoka matano.

#2 Mtu wa Ubungo
Miriam Makeba. Uzi ufungwe.

#3 Mzee wa Santuri
Usifungwe. Makeba aliubeba akauzungusha dunia nzima, lakini hakuutunga, na hakuwa wa kwanza kuurekodi. Santuri ya mwanzo ni ya Fadhili William na Jambo Boys, Nairobi, mwaka 1960 hivi, zama za santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zile zikianguka zinavunjika kama sahani. Baada ya miaka michache Fadhili akaurekodi tena na Equator Sound Band, safari hii kwa santuri ndogo za 45. Hiyo ya pili ndiyo wengi tunayoidhani ya kwanza.

Makeba na Harry Belafonte waliutia kwenye albamu yao ya pamoja ya 1965, ile iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 1966 upande wa muziki wa kiasili. Wazungu wengi waliufahamia hapo.

#4 Ngosha mpole
Shikamoo Mzee wa Santuri. Nimevuta kiti.

#5 Mkwezi wa Pangani
Mzee, heshima yako, ila umeanza hadithi katikati. Kabla ya santuri kulikuwa na mtu. Adam Salim, Mtanzania, aliyezaliwa 1916. Kwa maelezo yake, aliutunga 1945 akiwa Nairobi, kwa ajili ya mpenzi wake Halima. Wazazi hawakumtaka, binti akaozwa kwa tajiri wa Kiasia. Sasa rudi usikilize pale anaposema ameshindwa na mali. Mbona inakaa sawasawa?

#6 Wa Kariobangi
Nilijua tu! Watanzania mmekuja. Kila kitu kizuri chenu. Na nyinyi mkisikia mzungu amesema Kilimanjaro iko Kenya mnalia wiki mbili.

#7 Mkwezi wa Pangani
#6 Mlima tunao, ndugu yangu, ukitoka nje unauona. Sasa ni wimbo tu.

#8 Wa Kariobangi
Haya, tuache mzaha. Kama ulitungwa 1945, santuri ya 1945 iko wapi? Madai ya kinywa hata mimi nayaweza. Babangu aliishi Nairobi, pengine ni yeye.

#9 Mzee wa Santuri
#8 Hilo la santuri lisikupe nguvu sana. Kurekodi Kiswahili kulikuwepo zamani, Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Lakini 1945 vita ndiyo kwanza inakwisha. Kijana wa kawaida wa Nairobi mwenye gitaa alikuwa anapiga kwenye baa na kwenye sherehe. Nyimbo nyingi zilizaliwa zikafa pale pale bila kuwekwa popote. Kukosa santuri hakumaanishi hakuna wimbo.

Upande wa pili nao useme: Fadhili alizaliwa 1938. Mwaka 1945 alikuwa na miaka 7. Kwa hiyo ama Salim amekosea mwaka, ama Fadhili aliukuta wimbo ukiimbwa, ama ni nyimbo mbili zenye kisa kimoja. Mimi sijui kuchagua, na santuri ninazo.

#10 Bi Mkubwa wa Kikwajuni
Mimi nauliza la mjomba. Alirudi lini, na alikula?

#11 Kasuku wa Tabata
#10 Alikula vizuri sana, Bi Mkubwa. Pilau mbili.

#12 Mpiga Besi
Nimepiga hotelini Diani miaka 11. Niwaambie siri ya kazi: Malaika haipigwi kwa kuwa ni ya harusi. Inapigwa kwa kuwa mgeni anaijua. Unaanza na Jambo Bwana watu wachangamke, chakula kikifika unashusha mwendo, unapiga Malaika, mnapita meza kwa meza na gitaa. Pale mama wa Kijerumani anafuta machozi na mume anatafuta pochi. Maneno? Hakuna anayeyajua. Bendi za harusi zimetoka kwetu, na tabia wakabeba.

Kuna usiku mmoja wazungu wamefunga ndoa ufukweni, wakauomba. Mhudumu mmoja, mtu wa Kwale, akaninong'oneza: "Wamwambia bibi harusi kwamba bwana hana kitu?" Nilikosa noti, nikacheka mpaka mpiga ngoma akanitazama vibaya.

#13 Mwalimu wa Sarufi
Mmezama kwenye nani, hamjagusa nini. Ubeti wa kidege. Anaimba "hukuwaza kidege". Niambieni maana yake.

#14 Mtu wa Ubungo
Nakuwaza kila siku, ewe kidege. Rahisi.

#15 Mwalimu wa Sarufi
#14 Ndivyo wengi wanavyoelewa, na inawezekana. "Hu" ya mazoea, "ku" ya wewe, "waza". Hukuwaza, yaani ndiyo kawaida yangu kukuwaza, kama tunavyosema "huja kila Ijumaa".

Sasa ligeuze. "Hu" ya kukanusha nafsi ya pili, "ku" ya wakati uliopita, "waza". Hukuwaza, yaani wewe hukufikiri. Hukufikiria hali yangu ulipokwenda zako. Neno ni lile lile, herufi kwa herufi, mkazo ule ule. La kwanza ni mapenzi, la pili ni lawama. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka 20 na sijawahi kuamua.

#16 Dada wa Muscat
Subhanallah. Nimeimba miaka 30 nikidhani namsifu.

#17 Mkwezi wa Pangani
Kama ni lawama basi kisa cha Salim kinazidi kukaa. Binti keshaozwa, huyu anamlaumu.

#18 Wa Kariobangi
#17 Hata cha Fadhili kinakaa bana. Yeye naye alikuwa akisema ni msichana aliyempenda, akaolewa na mwingine kwa sababu mahari hakuwa nayo. Kila mtu aliyedai huu wimbo ana msichana aliyeolewa na mwingine. Ni kama sare ya shule.

#19 Mzee wa Santuri
#18 Hapo umesema neno. Kisa kinatoka ndani ya wimbo wenyewe. Ukiniambia nidai Malaika leo, nami nitasimulia msichana, wazazi wakali na mfuko mtupu. Kwa hiyo hadithi ya mpenzi haimthibitishi yeyote.

#20 Binti Chuma
Na mimi nina kero. Makeba ni mwanamke. Angélique Kidjo ni mwanamke, aliuweka kwenye albamu ya Logozo mwaka 1991. Wote wanaimba "ningekuoa". Mwanamke anaoa? Si anaolewa? Nilipokuwa darasa la 5 nilichapwa kwa kuandika "dada ameoa".

#21 Ngosha mpole
#20 Makeba ni mtu wa Afrika Kusini na Kidjo ni wa Benin. Walipewa maneno wakayaimba. Hapo walipofika washukuriwe.

#22 Dada wa Muscat
Si lazima iwe kutojua. Katika taarab mwanamke huimba shairi la mwanamume bila kubadili kitu, na msikilizaji anaelewa ni sauti ya mtunzi. Ukibadili ukasema "ningeolewa nawe" kisa chote kinapinda, maana mwanamke hatoi mahari. Mali inamsumbuaje?

#23 Binti Chuma
Ukumbini mali inamsumbua kila mtu, dada.

#24 Mwana wa Mji wa Kale
Nyote mmepitwa na ushahidi uko mdomoni. Sikizeni anavyosema: "zasumbua". Hasemi "zinasumbua". Huo ni usemi wetu sisi wa Pwani, si wa Nairobi wala wa bara. Na hapa Mombasa kuna wazee hadi leo watakwambia mtunzi ni Lucas Tututu. Bara waliuchukua kwa sababu mitambo ya kurekodi ilikuwa huko.

#25 Mdawida wa Wundanyi
#24 Pole pole, jirani. Jina kamili la Fadhili ni Fadhili William Mdawida. Unajua Mdawida ni nani? Ndiyo sisi, mnaotuita Wataita. Ukishuka kwetu unafika Voi, na kutoka Voi reli inakupeleka Mombasa. Kiswahili cha Pwani tumekisikia tangu tumezaliwa. "Zasumbua" haimtoi Fadhili hata kidogo.

#26 Mwalimu wa Sarufi
Tena hiyo "a" ya "zasumbua" ni mali ya kila mshairi. Fungua kitabu cha nyimbo za kanisani uhesabu, hutamaliza ukurasa. Inapunguza silabi, na mwimbaji siku zote anatafuta silabi ya kupunguza. Mwana wa Mji wa Kale, ushahidi wako ni mzuri ila unawashika watu wengi mno.

#27 Mwana wa Mji wa Kale
Haya, basi "kidege" je? Nani huita mpenzi ndege kama si watu wa Pwani?

#28 Mzee wa Santuri
#27 Hapo nakuunga mkono nusu. Fundi Konde, mtu wa upande wa Malindi, aliyekwenda vitani na kikosi cha burudani cha KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, mpaka Burma, ana wimbo wa Tausi, na tausi huyo si wa bustanini. Mpenzi kuitwa ndege lilikuwa jambo la kawaida katika nyimbo za gitaa za miaka ile. Lakini likiwa la kawaida, basi lilikuwa la wote. Mtaita angeweza, Mtanga angeweza, Mdigo angeweza.

Wakati mwingine nadhani ndiyo jibu lenyewe. Askari wanarudi na magitaa, mmoja ana mstari, mwingine ana sauti, wa tatu anaongeza ubeti wa kidege (sikiliza, ubeti ule umekaa kama wa kubandikwa), mpaka kijana mmoja mwenye sauti nzuri anaingia studio. Jina linaloandikwa kwenye lebo ni la aliyeingia studio.

#29 Wa Kariobangi
#28 Sikubali. Hiyo ya "wa wote" tunaisema tu wimbo ukiwa wa Mwafrika. Mbona Jambo Bwana hatusemi ni wa wote? Inajulikana, Teddy Kalanda Harrison na Them Mushrooms, 1980.

#30 Kijana wa Makoroboi
Jambo Bwana si ya Boney M? Na Malaika pia ya Boney M, nakumbuka baba alikuwa na kaseti, 1978.

#31 Mtu wa Ubungo
Mimi nilitukanwa kwa Makeba, huyu mnamwacha?

#32 Mzee wa Santuri
Hakuna aliyekutukana, mwanangu. #30: Boney M, kundi la Ujerumani chini ya Frank Farian, walitoa Malaika mwaka 1981, na imo kwenye albamu ya Boonoonoonoos ya mwaka huo huo. Jambo wakaitoa 1983. Mwaka 1978 walikuwa na Rivers of Babylon, labda kaseti ya baba ilikuwa na upande wa pili.

#33 Kijana wa Makoroboi
Nimempigia mzee. Anasema kaseti ilikuwa ya jirani.

#34 Mke wa Mswidi
Naishi Stockholm. Krismasi ya kwanza ukweni, baba mkwe akashika gitaa akaanza "Malaika, nakupenda Malaika", Kiswahili kama ana viazi mdomoni. Nikajua ananikaribisha, nikalia. Kumbe wala hakuwa na habari kama ni Kiswahili! Kwake ni wimbo wa ujana wake, wa Hep Stars, bendi ya Kiswidi ya miaka ya 60. Mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, ndiye baadaye akawa wa ABBA. Nikamweleza maana. Akanyamaza, akasema, "Miaka yote nilidhani ni msichana anaitwa Malaika."

#35 Ngosha mpole
#34 Hata huku wapo wanaodhani hivyo. Shangazi yangu amemwita binti yake Malaika kwa ajili hiyo, na posa ya kwanza ilirudishwa kwa mahari pungufu. Jina lilimponza.

#36 Bi Mkubwa wa Kikwajuni
Na msisahau malaika ni vinyweleo vile laini vya mwilini. Bibi yangu akiusikia kwenye redio akiupapasa mkono wake, anasema, "Huyu nywele zangu anazipendea nini?"

#37 Mpiga Besi
Bi Mkubwa umenimaliza. Sitaweza kuupiga tena bila kuangalia mikono ya watu.

#38 Karani wa Hakimiliki
Samahani nawarudisha kwenye mambo makavu, lakini hapa ndipo pesa ilipo. Watu wanachanganya haki tatu. Mwenye maneno na mahadhi ya wimbo ni mtunzi. Mwenye sauti iliyosikika ni mwimbaji. Mwenye ile santuri ni kampuni iliyorekodi. Boney M wakiurekodi upya, Jambo Boys hawahusiki, maana sauti yao haikutumika. Anayestahili kulipwa ni mtunzi, popote alipo. Ndiyo maana watu wanagombania neno moja tu, "alitunga".

Kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Fadhili alifariki Nairobi Februari 2001. Kama ni yeye, wimbo una mwenyewe mpaka 2051. Kama ni mwingine, hesabu inaanza upya kwa jina jingine.

#39 Mkwezi wa Pangani
#38 Yaani aliyefika ofisini na karatasi ndiye mtunzi?

#40 Karani wa Hakimiliki
Karatasi si mtunzi. Ila anayekuja mikono mitupu baada ya miaka 40 ana kazi kubwa, hata akiwa mkweli. Kipindi kile mwanamuziki analipwa kitu kidogo siku ya kurekodi, anasaini asichokisoma, anaondoka anashukuru.

#41 Mdawida wa Wundanyi
Na hata huyo mwenye jina hakuneemeka. Fadhili alikaa Marekani miaka mingi na hakurudi tajiri. Wimbo unaimbwa dunia nzima na yeye pesa zasumbua roho yake vile vile. Mkisema aliiba, basi aliiba kitu kisichomnufaisha.

#42 Wa Kariobangi
Wale wa Equator wote hivyo hivyo. Daudi Kabaka alikuwa na Helule Helule, Tremeloes wa Uingereza wakaichukua 1968 ikaingia chati za huko. Uliza yeye alipata ngapi.

Na kwa haki nitaje jingine linalonikera: kuna Wakenya wengi wanaosema mtunzi halisi ni Grant Charo. Kwa hiyo hata sisi kwa sisi hatujaelewana. Msidhani tumejipanga dhidi ya Tanzania.

#43 Mwana wa Mji wa Kale
Salim, Fadhili, Tututu, Charo. Wanne. Kasuku, mezani kwenu mlikuwa na majibu matano, la tano lilikuwa lipi?

#44 Kasuku wa Tabata
La tano ni mshereheshaji. Alisema ni wimbo wa Kizulu uliotafsiriwa.

#45 Fundi wa Mbagala
Mimi huwa nasoma tu, leo niseme. Wimbo huu niliupiga kwa simu chini ya dirisha la mtu mwaka 2009. Nilipeleka posa, wakataja mahari, nikaomba miezi sita. Mwezi wa nne nikasikia ngoma. Juzi nimekutana naye sokoni na watoto wawili, ananiuliza, "Bado unaupenda ule wimbo?" Nikamwambia siku hizi nasikiliza singeli. Mwalimu, kwa sababu yako nimelala naiwaza ile "hukuwaza". Kwangu ni ya pili.

#46 Mwalimu wa Sarufi
#45 Pole, kaka. Kwako hata sarufi inakubali.

#47 Binti Chuma
Sasa binamu wa Kasuku amewahi kuambiwa haya au tumnyamazie?

#48 Kasuku wa Tabata
Nimemtumia uzi mzima. Amejibu kwamba bendi walimlipisha na wakataja nyimbo tatu, nyingine mbili hakuzijua.

Halafu jana nilikwenda kwa mjomba. Nikamuuliza kwa adabu, mjomba, siku ile ulitoka kwa sababu ya wimbo? Nilikuwa nimejiandaa kwa kisa cha maisha. Akasema spika ilikuwa karibu na sikio lake. Nikabaki nimekaa. Wakati naaga, ameshika mlango, akaniambia, "Lakini ule si wa Nairobi. Sisi Tanga tuliuimba kabla ya redio haijauimba. Mpiga gitaa alikuwa mrefu, mwembamba." Nikamuuliza jina. Akasema walikuwa wakimwita Fundi, kwa kuwa alikuwa fundi.

#49 Mkwezi wa Pangani
TANGA! Mmesikia?

#50 Wa Kariobangi
Mtu mrefu mwembamba anaitwa Fundi. Haya, mkamateni.

#51 Mzee wa Santuri
Kasuku, rudi kwa mzee kabla hajasahau. Muulize mambo mawili tu: ni mwaka gani hivi, kabla au baada ya Uhuru, na kama ubeti wa kidege walikuwa nao. Ukiwa haumo kwenye wimbo wao, nina la kusema. Na mwenye santuri ya 78 ya Jambo Boys, hata ikiwa imepasuka, apige picha ya lebo, pande zote mbili, aiweke hapa.

#52 Kasuku wa Tabata
Nitakwenda Jumapili. Atataka nimpelekee tambuu.